Jarida la Urembo Halipangwi kwa Kutegemea Kuediti

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tuko kikundi, tunatengeneza jarida letu la urembo na mitindo, kurasa 32, litachapishwa kwa saizi ya A4. Tuna kamera moja ya kuazima na simu zetu. Tumepanga kupiga picha zote Jumamosi moja, saa nne asubuhi mpaka saa tisa, halafu tusafishe nyuso za wanamitindo kwa kuediti. Kuna mtu anatuuzia kifurushi cha priseti, anasema zinatoa ngozi nyororo inayong'aa kama kwenye majarida ya nje. Tununue, au kuna programu nzuri zaidi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msinunue. Wala sina programu nyingine ya kukutajia, kwa sababu tatizo lenu linaanzia kwenye hizo saa mlizochagua.

Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta. Mchana jua letu liko juu mwaka mzima, na kiangazi mara nyingi hakuna wingu la kulipunguza makali. Kati ya saa nne na saa tisa wanamitindo wenu watatoka na macho yaliyozama kwenye kivuli, alama nyeusi chini ya pua, na paji la uso lililopauka kwa mwanga mwingi. Ardhi nyekundu nayo inarudisha rangi yake shingoni na chini ya kidevu. Priseti ni mpangilio wa rangi na mwanga uliohifadhiwa, basi. Ulitengenezwa juu ya picha ya mtu mwingine, kwenye mwanga mwingine, na haujui uso uliowekwa mbele yake ni wa nani.

Pigeni picha za nje tangu jua linapochomoza mpaka saa mbili na nusu asubuhi, kisha rudini saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo siku moja haitoshi. Gaweni kazi kwa asubuhi na jioni kadhaa. Mchana ingieni ndani, tafuteni dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, mkalisheni mwanamitindo ubavuni mwake, na upande wa pili mtu ashike shuka nyeupe kurudisha mwanga usoni. Shuka hiyo hiyo mkiitandika chini mkiwa nje, ule wekundu wa shingoni unapungua sana. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na kitambaa cha kitandani mwake kilikuwa pazia la nyuma. Watu wake wamevaa wakapendeza, na picha zile leo zinaonyeshwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Kanga au kitenge kizuri kinawatosha kabisa.

Sasa nije kwenye hili neno "kusafisha", maana ndilo linalonichosha. Naletewa picha za bibi harusi uso wake mweupe na mikono yake myeusi, na mtu ananiuliza kwa nini zimekataa kupendeza. Mpigaji alitoa uso wenye giza, akaamini kuediti kutamaliza mambo. Hilo giza lina sababu. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, inajaribu kuifanya picha nzima iwe ya kijivu cha kati. Msimamishe binti mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo halafu ongeza mwanga kidogo. Kwenye kamera, pima mwanga usoni na uuache ukuta uwe mweupe kupita kiasi, hauna hasara. Uso uliopigwa gizani ukivutwa kwa programu unaleta chengachenga na rangi ya majivu. Hapo ndipo watu wanaulainisha kuficha chengachenga, na mwisho wanaupausha kuficha majivu. Madhara matatu yametokana na kosa moja la kupima mwanga.

Wala msidhani mitambo haijawahi kutuonea. Kampuni ya Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera, kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa Shirley. Filamu zilianza kurekebishwa ionekane vizuri rangi ya kahawia baada ya, miongoni mwa wengine, watengenezaji wa chokoleti na samani kulalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawasawa. Dosari ilikuwa kwenye kipimo. Ngozi yetu haikuwa na kosa lolote, na mpaka leo haihitaji kusafishwa.

Kwa jarida la urembo jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa picha ya ukumbusho. Mkiandika kwamba poda fulani inamfaa msichana mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea, kisha mkampausha kwenye picha, mmemdanganya msomaji kuhusu poda na kuhusu ngozi. Mkifuta vinyweleo na vidoti, hataona kama hiyo poda inakaa au inakatika. Ondoeni chunusi ya juzi, sawa, itapona yenyewe wiki ijayo. Rangi ya mtu msiiguse.

Na wanaouza ngozi ya kung'aa kwenye simu ni majirani wa wanaouza mkorogo. Binti anajiona kwenye picha akiwa mweupe kuliko alivyo, anasifiwa, halafu anaanza kutafuta namna ya kufanana na ile picha. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019, lakini bado vinauzwa kwa kificho. Zebaki inaharibu figo. Jarida la wanafunzi lenye wasomaji wa miaka 19 lisiwe tangazo la bure la biashara hiyo.

Kuhusu uchapishaji nitasema machache. Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 2480 kwa 3508, na muongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza pikseli nyingi, haijai ukurasa. Itumeni kama faili. Wino husambaa kwenye karatasi na kuongeza giza, kwa hiyo kabla ya kupiga picha zote mwombeni mchapishaji awatolee ukurasa mmoja wa majaribio wenye nyuso za rangi tofauti. Picha ya jalada acheni nafasi juu ya kichwa kwa ajili ya jina la jarida. Vipodozi vyenye kinga ya jua viepukeni mnapotumia flashi, vinaweza kuleta weupe wa unga usoni. Wanamitindo wote wasaini ridhaa ya maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa na sura ya mtu, na majengo ya Serikali kule Mtumba msiyafanye mandhari bila ruhusa.

Kama rafiki zako bado wanataka kile kifurushi, mwambieni muuzaji alete picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi, ya mtu mweusi kama wewe, uso, shingo na mikono vikionekana pamoja, na ile ya awali kabla ya priseti. Ziwekeni kando kwa kando dirishani, kabla hamjatoa hata shilingi.