Ndoo ya kwanza ilinidanganya

Juzi msomaji mmoja wa Lindi kaniandikia: "Kaka, na mimi ninunue hita ya maji ya sola kama yako?" Swali limenichoma, maana wa kwanza kuniuliza hivyo alikuwa shemeji yangu wa Mikindani. Nilimwambia nunua bila wasiwasi. Mpaka leo tukikutana msibani ananitikisia kichwa tu.

Na nilikuwa nimepima, jamani! Tangi la lita 120 juu ya bati hapa Shangani, saa kumi jioni, nikakinga ndoo moja, kipimajoto kikasoma nyuzi 61. Nikapiga picha, nikaisambaza kwa watu. Kumbe maji ya moto hukaa juu ya tangi na ndiyo yanayotangulia kutoka.

Shemeji alipolalamika kuwa alfajiri anaoga vuguvugu, nilidhani anatafuta pa kunilaumu. Nikaamua kurudia. Kabla ya jua kuchomoza nilifungulia bomba la moto mpaka likatoa maji baridi, nyuzi 27 (kinga kwenye mapipa, maji ya Mtwara si ya kumwaga). Kutwa hakuna aliyeruhusiwa kuoga maji ya moto, mke wangu akanuna. Jioni nikakinga ndoo za lita 20, moja moja: 61, 60, 58, 52, 41, 34, 29, na ya nane 27. Hapo unaacha.

Toa 27 kwenye kila ndoo, jumlisha: 146. Zidisha kwa 20 (lita za ndoo), gawanya kwa 860 (kilokalori zilizomo kwenye uniti moja ya umeme), unapata uniti 3.4, hizi hizi za LUKU. Kwa hesabu ya ndoo moja, yaani kudhani lita zote 120 zina nyuzi 61, ningetangaza 4.7.

Kesho yake jua likapasha tangi tena, na usiku wake sikugusa maji. Alfajiri ndoo ya kwanza: 44! Nikapanda juu. Kifuniko cha tangi kimepasuka, povu la kuzuia joto limelowa chepechepe. Fundi aliliona akanyamaza, na pesa yake alichukua yote. Halafu kuanzia saa nane kivuli cha mwembe kinalala kwenye paneli.

Ndugu zangu, pimeni ndoo zote. Pimeni jioni, pimeni na alfajiri, tena siku ya jua. Msimshauri mtu kwa picha moja ya simu kama mimi.

Kifuniko nimebadilisha. Mwembe nimekata tawi moja. La pili mke wangu kakataa, limeshatoa maua.