Swala mahali jua lisipotua: jibu kwa wanaosafiri Svalbard

Swali: Assalamu alaykum sheikh. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Oslo. Mwezi wa saba, inshaallah, tunataka kwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini. Tutafika mji wa Longyearbyen Jumatano na kuondoka Jumanne inayofuata. Kiangazi jua la huko halitui kabisa. Dada mmoja ameniambia pasipo na magharibi hapana swala ya Magharibi. Mwingine anasema safari yenyewe haifai, tunajipeleka penye kuvuruga ibada. Tufanyeje na nyakati? Tupunguze swala? Na udhu katika baridi ile?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Safari yenu haina ubaya maadamu mnakwenda na nia ya kuhifadhi swala, na swali lako lenyewe linaonyesha nia hiyo ipo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame alivyoanzisha uumbaji. Tena iko aya ya 72 ya Surat Al-Qasas, anapotuuliza: lau angeufanya mchana uwe wa daima juu yetu mpaka Siku ya Kiyama, ni mungu gani asiyekuwa Yeye angetuletea usiku tukapumzika ndani yake? Sisi wa pwani tunaisoma aya hii na giza letu linaingia saa ileile karibu mwaka mzima. Wewe utaisoma saa sita za usiku, jua likiwa usoni pako. Isome huko, uizingatie.

Ama kauli ya dada wa kwanza, si yeye aliyeianzisha. Zamani Waislamu wa Bulghar, kando ya mto Volga, waliona usiku wa kiangazi unaisha kabla wekundu wa magharibi haujapotea, na baadhi ya wanavyuoni wa Kihanafi wakasema Isha imewaondokea kwa kuwa wakati wake haupo. Wengine wakaipinga rai hiyo, na hoja yao ina nguvu zaidi. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipoeleza kwamba Dajjali atakaa siku arubaini, na moja yao itakuwa kama mwaka mzima, Maswahaba hawakuuliza watakula nini wala watajificha wapi. Waliuliza: siku hiyo iliyo kama mwaka, swala za siku moja zitatutosha? Akajibu: hapana, ikadirieni kiasi chake. Basi swala tano katika kila saa ishirini na nne hazikuondokeeni, na panapokosekana alama ya wakati, hukadiriwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi hukadiriwa kwa mji wa karibu ambao usiku na mchana wake vimetengana, na Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kama huo mwaka 1978.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huchanganya. Kinachokosekana Svalbard ni machweo, giza na mapambazuko. Jua lenyewe linazunguka mbingu yote, linapanda na kushuka. Kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri zina alama zake za kweli, na penye alama hatukadirii. Katikati ya Julai jua la Longyearbyen hufika juu kabisa na kuanza kupinduka saa saba na dakika chache mchana. Hapo Adhuhuri imeingia. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapozidi kile cha wakati wa kupinduka kwa kiasi cha urefu wa kitu chenyewe, na kwa kuwa jua la huko liko chini, hilo huchelewa mpaka karibu saa moja ya jioni. Msisali Alasiri kwa ratiba ya Oslo, mtakuwa mmeitanguliza kabla ya wakati wake. Mkipatwa na mawingu au ukungu, subirini mpaka saa moja ya jioni ipite.

Magharibi, Isha na Alfajiri ndizo za kukadiria. Mji wa Trondheim uko karibu zaidi na Svalbard kuliko Oslo, lakini ratiba ya msikiti wenu wa Oslo mnayo, mmeizoea, na majira ya saa ni yaleyale nchi nzima. Kwangu mimi hiyo yatosha: Magharibi baada ya saa nne usiku, na nyingine kama ilivyoandikwa. Wako wanaofuata saa za Makka, kama walivyofanya Waislamu wa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, na siwakatazi. Ninachokikataza ni kuchagua leo Makka, kesho Oslo, kwa kutazama ipi inakupa usingizi mrefu. Shikeni moja mpaka mrudi. Fungeni pazia zito na mtege kengele ya Alfajiri, kwa sababu hakuna giza wala adhana ya kuwaambia usiku umefika wapi.

Kupunguza swala: uwanja wa ndege na njiani, ndiyo. Mkishafika, hapana. Aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya msafiri humtoka, nanyi mna tano, Alhamisi mpaka Jumatatu. Mkifupisha zikawa tatu, mtapunguza na kukusanya muda wote. Ijumaa, mkiwa wawili tu, salini Adhuhuri.

Udhu: mwezi huo baridi ni nyuzi 5 au 7 hivi, na hotelini maji ya moto yapo, kwa hiyo hapana tayamamu. Sahaba Amr bin Al-As alitayamamu usiku wa baridi kali kwa kuhofia nafsi yake, nawe hujafika hapo. Nawakumbusha jambo moja ambalo msafiri hulijulia mlangoni. Longyearbyen wana ada ya tangu enzi za wachimba makaa ya mawe, kuvua viatu unapoingia hotelini na kwenye makumbusho. Mwenye kupangusa juu ya buti badala ya kuosha miguu, akivua tu, amepoteza ruhusa yake. Vaeni khuffu, yaani soksi za ngozi, ndani ya buti mkiwa na udhu kamili, mzipangushe hizo. Muda wenu wa kupangusa mkiwa mjini ni mchana mmoja na usiku wake, si siku tatu za msafiri.

Qibla ni kusini, na kuegemea kidogo mashariki. Jua linapofika juu kabisa liko kusini hasa. Lielekee, kisha geuka kidogo kushoto.

Nje ya makazi kuna dubu weupe, na hairuhusiwi kutoka bila njia ya kujilinda. Kwa kawaida muongozaji hubeba bunduki. Mwambieni mapema kwamba mtasimama kuswali, naye awe macho. Dubu akionekana, kateni swala mara moja, mtairudia mkiwa salama. Mwenyezi Mungu amesema tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo.

Chakula, samaki hana shaka. Nyama ya kulungu wa huko iacheni ikiwa hamjui nani kamchinja na vipi.

Wallahu aalam.