Wasomaji Wauliza: Jeshi Lisiloitwa Jeshi

Tangu Waziri Mkuu wa Japani, Takaichi Sanae, aizungumzie Taiwan bungeni Novemba 2025, barua kuhusu siasa na ulinzi wa nchi hiyo hazijakatika mezani petu. Zilizofanana tumeziunganisha, zilizokuwa ndefu tumezipunguza.

Ndugu mhariri, nitoe tongotongo. Nasoma kwamba katiba ya Japani inakataza jeshi, halafu nasoma kwamba Japani ina nyambizi na ndege za F-35. Nimwamini nani?

Waamini wote wawili. Katiba ilianza kutumika 3 Mei 1947, Wamarekani wakiwa bado wanaitawala nchi baada ya vita. Ibara ya 9 inasema Wajapani wanaikana vita milele, na kwamba majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga, pamoja na nguvu nyingine za kivita, hayatawekwa. Mpaka leo hakuna hata neno moja lililoguswa. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma.

Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, askari wa Marekani waliokuwa Japani walihamishiwa huko, na Jenerali MacArthur, Mmarekani aliyekuwa akiisimamia Japani, akaagiza kiundwe kikosi cha akiba cha polisi cha watu 75,000. Kikosi hicho kilikuwa na vifaru, lakini kwa kuwa polisi hawana vifaru, viliitwa "magari maalumu". Humo ndimo vilimozaliwa Vikosi vya Kujilinda, yaani jeshi la Japani la leo, 1 Julai 1954. Hoja ya serikali ni hii: kila taifa lina haki ya kujilinda, basi kiasi cha chini kabisa kinachotosha kujilinda si zile nguvu za kivita zilizokatazwa. Kwa kipimo hicho, vilivyo marufuku ni makombora ya kuvuka mabara, ndege za masafa marefu za kudondosha mabomu, na meli za mashambulizi za kubeba ndege. Tabia ya kuchagua majina kwa uangalifu haijafa. Meli za Izumo na Kaga, zenye urefu wa mita 248 kila moja, zinarekebishwa ili zipokee ndege za F-35B, lakini kwenye orodha rasmi bado ni manowari za kusindikiza.

Kwa nini wasiibadilishe katiba yenyewe? Ibara ya 96 inataka theluthi mbili ya wabunge wote katika kila baraza, kisha wingi wa kura katika kura ya maoni ya wananchi. Tafsiri ni njia fupi zaidi, na tafsiri hutoka katika ofisi ndogo ya wanasheria iliyo chini ya baraza la mawaziri. Kwa miongo mingi ofisi hiyo ilishikilia kwamba Japani ina haki ya kusaidia kumlinda mshirika aliyeshambuliwa, ila katiba hairuhusu kuitumia haki hiyo. Agosti 2013 Abe Shinzo, waziri mkuu wa wakati huo, alimteua mwanadiplomasia Komatsu Ichiro kuiongoza, kinyume cha mazoea ya kumpandisha mtu kutoka ndani. Tarehe 1 Julai 2014 baraza la mawaziri likaigeuza tafsiri. Sheria zake zilipita Septemba 2015 katikati ya maandamano makubwa nje ya bunge, zikaanza kutumika Machi 2016.

Hayo maneno ya Takaichi kuhusu Taiwan yalikuwa na sumu gani? Viongozi wengine wa Japani pia huitaja Taiwan. Na je, waziri mkuu anaweza kuamka asubuhi akaamuru vita?

Sumu ilikuwa kwenye istilahi. Tarehe 7 Novemba 2025, mbele ya kamati ya bajeti ya baraza la chini, Okada Katsuya wa upinzani alimbana aeleze ni mazingira gani hasa yatakayoiingiza Japani vitani. Takaichi akajibu kwamba China ikitumia manowari na nguvu za kijeshi, hali hiyo kwa vyovyote inaweza kuwa "hali ya kutishia uhai wa taifa". Kwa msikilizaji wa kawaida hayo ni maneno ya mtu mwenye wasiwasi. Kwa mwanasheria wa Tokyo au Beijing, ni jina la ngazi mahususi katika sheria za 2015.

Ngazi ziko tatu. Ya chini ni hali yenye athari kubwa kwa usalama wa Japani. Hapo vikosi vyaweza kumpa Marekani mafuta, usafiri, matibabu na uokoaji, lakini si kupigana. Ya juu ni Japani yenyewe kushambuliwa, na hiyo haina utata. Katikati ndipo penye ugomvi: Japani haijaguswa, lakini nchi iliyo na uhusiano wa karibu nayo imeshambuliwa. Hapo nguvu zaweza kutumika kwa masharti matatu. Shambulio liwe linatishia uhai wa Japani na kuleta hatari iliyo wazi ya kung'oa haki ya watu wake kuishi na kuwa huru. Kusiwe na njia nyingine inayofaa. Na nguvu zitakazotumika ziwe za kiasi cha chini tu.

Mawaziri wakuu waliotangulia, wakiulizwa kuhusu Taiwan, waliimba wimbo uleule: tutaamua kwa kuangalia taarifa zote zitakazokuwapo wakati huo. Wimbo huo unachosha, lakini una kazi yake, maana unaiacha Beijing ikikisia. Takaichi aliitaja ngazi kwa jina. Tarehe 14 Novemba China iliwaonya raia wake wasisafiri kwenda Japani, na siku chache baadaye ikafunga tena mlango kwa samaki na mazao mengine ya bahari ya Japani. Yeye alisema sera haijabadilika na kwamba hatarudia kutoa mifano ya aina hiyo, ila kauli yenyewe hakuifuta.

Kuna kosa moja tunaloliona mara kwa mara, nalo ni kuandika kwamba Japani imeahidi kuilinda Taiwan. Hakuna ahadi kama hiyo. Japani haina uhusiano wa kibalozi na Taiwan tangu 1972. Katika tamko la pamoja na China la 29 Septemba mwaka huo ilisema "inaelewa kikamilifu na kuheshimu" msimamo wa Beijing kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Angalia maneno hayo: kuelewa na kuheshimu si kukubali. Nchi ya karibu inayofikiriwa hasa ni Marekani. Mfuatano unaoogopwa ni huu: China inaizingira Taiwan, manowari za Marekani zinakwenda kuvunja mzingiro, zinashambuliwa, ndipo Tokyo inajiuliza kama masharti matatu yametimia.

Kuhusu kuamka asubuhi na kuamuru, hapana. Baraza la Usalama wa Taifa, lililoundwa Desemba 2013, hujadili kwanza. Kisha huandaliwa mpango wa msingi wa kukabiliana na hali, unaoeleza ukweli unaothibitisha ngazi iliyotajwa na kwa nini hakuna njia nyingine. Baraza la mawaziri huupitisha kwa kauli moja, na waziri anayekataa hana budi kujiuzulu au kufukuzwa. Halafu unakwenda bungeni. Kanuni ni kibali kitangulie, ila dharura ikibana sana kibali chaweza kuombwa baadaye, na bunge likikataa vikosi hurudishwa. Upo pia mlango wa pili unaosahaulika. Chini ya hati ambazo Japani na Marekani zilipeana pamoja na mkataba wao wa usalama wa 1960, Marekani ikitaka kutumia kambi zake za Japani kwa mapigano ya nje lazima ishauriane kwanza na Tokyo. Mashauriano hayo hayajawahi kufanyika rasmi hata mara moja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuona utaratibu huo ukifanya kazi. Okinawa wanalifuatilia suala hili kuliko mtu yeyote: mkoa huo una kama asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, lakini umebeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Wamarekani peke yao.

Meli za China zinazunguka visiwa vya Senkaku kila siku. Japani ina manowari nzuri. Kwa nini haizitumi kuzifukuza?

Kwa sababu atakayetangulia kutuma manowari ndiye atakayeambiwa ameanza. Senkaku ni visiwa vitano vidogo na miamba mitatu, havikaliwi na mtu, viko kama kilomita 170 kutoka Ishigaki na karibu umbali huohuo kutoka Taiwan. Japani iliviingiza katika eneo lake Januari 1895. China, inayoviita Diaoyu, inavidai. Mvutano ulichacha Septemba 2012, serikali ya Japani iliponunua vitatu kutoka kwa mmiliki binafsi kwa yeni bilioni 2.05.

Kazi ya kila siku ni ya Walinzi wa Pwani, ambao hawako wizara ya ulinzi kabisa. Wako wizara ya ardhi, miundombinu, usafiri na utalii, na kifungu cha 25 cha sheria yao kinakataza wapangwe, wafunzwe au wafanye kazi kama jeshi. Wenzao wa China tangu 2018 wako chini ya polisi wenye silaha, wanaoamriwa na tume kuu ya kijeshi, na sheria ya 1 Februari 2021 imewaruhusu kutumia silaha katika maji ambayo China inayaita yake.

Unaposoma habari za huko, tazama kwanza meli imeingia wapi. Bahari ya nchi ni maili 12 za baharini kutoka ufukweni. Ukanda unaofuata, hadi maili 24, si bahari ya nchi, na meli za kigeni zinapita humo bila kuvunja sheria. Mwaka 2024 meli za China zilionekana katika ukanda huo siku 355. Kuingia ndani ya maili 12 hutokea mara chache zaidi, na mara nyingi ni kwa kuifuata mashua ya wavuvi wa Kijapani. Walinzi wa Pwani hawawezi kuikamata meli ya serikali ya kigeni, kwa kuwa ina kinga. Wanachofanya ni kuiamuru kwa redio iondoke, na kuweka meli zao kati yake na mashua.

Hali ikiwashinda, waziri wa ulinzi, kwa idhini ya waziri mkuu, anaweza kuamuru operesheni ya usalama wa baharini chini ya kifungu cha 82 cha Sheria ya Vikosi vya Kujilinda. Mara ya kwanza iliamriwa Machi 1999, dhidi ya vyombo vya kutiliwa shaka karibu na rasi ya Noto. Hata hapo manowari hufuata kanuni za polisi za kutumia silaha. Lakini picha itakayosambaa duniani ni ya manowari ya kijeshi ikiikabili meli ya walinzi wa pwani, nayo China itapata sababu ya kuleta za kwake.

Ndiyo maana tunasema lengo la China si kuvitwaa visiwa kesho. Kifungu cha 5 cha mkataba wa usalama na Marekani, cha kukabili shambulio kwa pamoja, kinahusu maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani. Washington haisemi visiwa ni vya nani. Inasema tu kwamba vinatawaliwa na Japani, kwa hiyo mkataba unavihusu, na Obama alilitamka hilo Tokyo Aprili 2014. Meli ya China ikizoeleka kufanya doria pale kila siku, neno "utawala" linaanza kulegea bila risasi kupigwa.

Asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi: ni pesa kiasi gani, na zinatoka wapi?

Nyaraka tatu za serikali kuhusu usalama, za 16 Desemba 2022, ziliweka yeni trilioni 43 kwa miaka mitano ya fedha, 2023 hadi 2027, na lengo la kufikia asilimia 2 mwaka wa mwisho. Serikali ya Takaichi ikalisogeza lengo hilo hadi mwaka wa fedha 2025. Hesabu ina ujanja kidogo. Hiyo asilimia 2, takriban yeni trilioni 11, inapimwa kwa pato la mwaka 2022, na ndani yake yamo matumizi ya Walinzi wa Pwani, utafiti, na bandari na viwanja vya ndege vitakavyotumika wakati wa dharura. Ukilinganisha na bajeti ya wizara ya ulinzi peke yake utadhani mtu kadanganya.

Vyanzo ni pamoja na kubana matumizi, mabaki ya bajeti, na kodi: kampuni zinaongezewa asilimia 4 juu ya kodi ya mapato wanayodaiwa kuanzia Aprili 2026, na tumbaku inapanda. Tatizo ni sarafu. Makombora 400 ya Tomahawk na ndege za F-35 hulipiwa kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilivuka yeni 150. Tatizo jingine hata fedha haiwezi kulimaliza: mwaka wa fedha 2023 vikosi viliandikisha nusu tu ya vijana waliowahitaji.

Wajapani hawampigii kura waziri mkuu?

Hawampigii. Wanachagua wabunge 465 wa baraza la chini na 248 wa baraza la juu, nao ndio wanaomteua. Mabaraza yasipokubaliana, uamuzi wa baraza la chini ndio unaosimama. Takaichi alishinda uongozi wa chama cha LDP 4 Oktoba 2025. Tarehe 10 chama cha Komeito, mshirika wa LDP wa miaka 26, kikajitoa, na tarehe 20 akatia saini makubaliano ya kushirikiana na chama cha Ishin. Kesho yake akapata kura 237 katika baraza la chini. Kwa wanaofuatilia ulinzi, badiliko hilo ni kubwa, kwa sababu Komeito ndicho kilichokuwa breki ya kuuza silaha nje, na Ishin kinataka breki hiyo iachiwe.

Ni kweli sera ya Japani kuhusu Bahari ya Hindi na Pasifiki ilitangazwa Nairobi?

Ni kweli. Abe aliitangaza 27 Agosti 2016 kwenye mkutano wa sita wa TICAD, yaani mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, wa kwanza kufanyika Afrika, akizungumzia kuunganisha mabara mawili na bahari mbili. Wakati huo Japani ilikuwa tayari na kituo Djibouti tangu 2011 kwa doria dhidi ya maharamia.

Msichanganye mifuko miwili. Misaada ya maendeleo na mikopo ya bandari na barabara hupitia JICA, shirika la serikali ya Japani la misaada, na haitolewi kwa matumizi ya kijeshi. Tangu 2023 kuna mfuko mwingine wa msaada wa usalama, unaokwenda moja kwa moja kwa majeshi rafiki: Ufilipino walipewa rada za pwani, na Djibouti iliingia kwenye orodha ya mwaka wa fedha 2024.