Starlink na LTE kwenye gari moja: kwa nini VPN inakatika kila ruta ikihama, na namna ya kuituliza

Kwa walioingia uzi huu sasa hivi, swali la mleta mada ni hili: gari la zahanati tembezi kaskazini mwa Kenya lina dishi la Starlink juu ya paa, modemu ya LTE (intaneti ya mtandao wa simu) ndani, na ruta ya OpenWrt (mfumo huria wa ruta) inayochagua kati ya hizo mbili kwa mwan3, programu ya kusimamia njia kadhaa za intaneti. Seva ya kumbukumbu za wagonjwa iko ofisi kuu, inatumia Windows. Kila ruta ikihama kutoka Starlink kwenda LTE, VPN ya kwenda ofisini na dirisha la mbali (remote desktop) vinakatika, simu ya SIP (simu ya mtandaoni) inakufa, na muuguzi inabidi aingie upya. Amesoma kuhusu Mobile IP, itifaki ya kubaki na anwani ile ile ukihama mtandao, anauliza kama ndiyo dawa.

Mkuu, Mobile IP yenyewe haitakufaa. Ila wazo lililomo ndani yake ndilo unalolihitaji, kwa hiyo tuanzie hapo.

TCP, itifaki inayobeba miunganisho mingi ya programu, hutambua muunganisho kwa vitu vinne: anwani na poti ya upande huu, anwani na poti ya upande ule. Kimoja kikibadilika, kwa seva huyo ni mgeni mpya, na yule wa zamani anaachwa akisubiriwa hadi muda uishe. Ruta yako ikihama kwenda LTE, anwani ya nje inabadilika, basi kila kilichokuwa wazi kinakufa. Hata ukihama kwa nusu sekunde kitakufa vilevile. Ndiyo maana wanaokushauri hapa juu upunguze muda wa kuhama tu hawajagusa tatizo.

Ona sasa kwamba Starlink yenyewe inahama muda wote na hakuna kinachokatika. Setilaiti zake ziko kama kilomita 500 juu na zinakwenda takriban kilomita 7.6 kwa sekunde, kwa hiyo kila moja inakupita ndani ya dakika chache. Mtandao unapanga upya dishi gani liongee na setilaiti gani kila sekunde 15, kwenye sekunde ya 12, 27, 42 na 57 ya kila dakika. Piga `ping -D -i 0.2` kwa dakika tatu, chora matokeo, utaona ngazi kwenye sekunde hizo hizo: muda wa kwenda na kurudi unaruka kutoka, tuseme, milisekunde 35 hadi 50, na mara nyingine pakiti kadhaa zinapotea. Anwani yako ya IP haiguswi, kwa sababu imefungwa kwenye kituo cha mtandao (PoP), pale trafiki yako inapoingia intaneti, na si kwenye setilaiti. LTE ni hivyo hivyo: gari likitoka mnara huu kwenda ule, kinachohamishwa ni handaki (pakiti zilizofungashwa ndani ya pakiti nyingine) la GTP, UDP 2152, huku anwani ikibaki kwenye P-GW, yaani lango la kutokea, ndani ya mtandao wa kampuni ya simu.

Kila mtandao una nanga yake, yaani mahali pasipohama panaposhika anwani yako, lakini Starlink na LTE hazina nanga ya pamoja. Ni lazima uijenge mwenyewe.

Mobile IP iliandikwa kwa kazi hiyo mwaka 1996, katika RFC 2002 (RFC ni hati za viwango vya intaneti): wakala wa nyumbani anashika anwani yako ya kudumu, nawe unamjulisha anwani ya muda ya pale ulipo, yeye anakufungashia pakiti na kukutumia. Toleo la IPv6 lilitoka 2004, na 2005 ikaja NEMO, RFC 3963, iliyokusudiwa hali kama yako hasa: mtandao mzima unaotembea pamoja na ruta yake. Kwenye karatasi ni safi. Huku nje, IP ndani ya IP haina namba ya poti, hivyo haipiti salama kwenye NAT ya pamoja (wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma) ambayo Starlink na kampuni za simu zote wanaitumia (ukiona anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127 ujue uko humo). Kuna nyongeza ya kuipitisha juu ya UDP, lakini Windows na Android zako hazina habari nayo, na hakuna kampuni itakayokuwekea wakala. Usipoteze wikendi.

Kinachofanya kazi leo ni WireGuard, aina ya VPN, kati ya ruta ya gari na VPS (seva ya kukodi mtandaoni) yenye anwani ya umma isiyobadilika. Haifungi mwenzake kwa anwani, inamtambua kwa ufunguo. Pakiti halali ikifika kutoka anwani mpya, VPS inajisahihisha hapo hapo na kuanza kujibu huko. Vifaa vya ndani ya gari vinabaki na anwani zao, seva ya ofisi inaendelea kumwona mteja yule yule, na TCP haijui kama kuna lililotokea.

Mpangilio: mtandao wa gari 10.20.0.0/24, handaki 10.99.0.0/24, ofisi 10.10.0.0/24. Usiache 192.168.1.0/24 popote, maana siku moja zitagongana. Kwenye VPS, AllowedIPs (anwani zinazopitishwa kwenye handaki) za gari ziwe `10.99.0.2/32, 10.20.0.0/24`. Kwenye gari ziwe `10.99.0.0/24, 10.10.0.0/24` na si 0.0.0.0/0 (intaneti yote). YouTube ya dereva itoke moja kwa moja, ikikatika itajiunga yenyewe. Ofisi nayo kama haina anwani ya umma iunganishwe na VPS hiyo hiyo. Usiwashe masquerade (kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani ya ruta) kwenye kiolesura cha wg0, yaani handaki lenyewe, ili daftari la seva lionyeshe ni kompyuta ipi ya gari iliyoingia.

VPS chagua iliyo karibu na pale trafiki yako inapotokea. Tangu Starlink iwashe kituo chake (PoP) cha Nairobi mwanzoni mwa 2025, hakuna sababu ya kupeleka data Ulaya halafu irudi Kenya, hiyo ni zaidi ya milisekunde 100 umezitupa baharini bure.

Sasa mitego, na hapa ndipo wengi wanaposema "WireGuard haifanyi kazi na mwan3".

Wa kwanza na mbaya kuliko yote: OpenWrt ikiwasha WireGuard huongeza kimya kimya njia maalumu kwenda kwenye anwani ya VPS kupitia WAN iliyokuwepo wakati huo. Starlink ikifa, kila kitu kinahamia LTE isipokuwa handaki lenyewe, ambalo linaendelea kutuma pakiti kwenye dishi lisiloona anga. Andika `ip route | grep` kisha anwani ya VPS. Ukiona mstari wake peke yake, ndiye huyo. Weka `option nohostroute '1'` kwenye kiolesura cha wg0 na uwashe upya.

Wa pili ni conntrack, daftari ambamo ruta inaandika miunganisho inayopita. Dishi likikosa anga, kebo ya Ethernet bado iko hai, kiolesura hakijashuka, kwa hiyo rekodi za zamani za NAT hazifutwi. Pakiti za UDP zinaendelea kufuata rekodi ile, pengine zinatoka LTE zikiwa na anwani ya Starlink, na kampuni ya simu inazitupa. Kwa kuwa pakiti zinaendelea kupita, rekodi inajihuisha na haiishi muda. Suluhisho ni kufuta rekodi hiyo tu, usifute jedwali zima. Sakinisha `conntrack`, kisha kwenye `/etc/mwan3.user` weka:

```
case "$ACTION" in
  connected|disconnected)
    conntrack -D -p udp --dport 51820
    ping -c 3 -I wg0 10.99.0.1 &
    ;;
esac
```

Ile ping kwenda 10.99.0.1 (VPS ndani ya handaki) si mapambo. VPS haijui umehama mpaka wewe utume kitu kwanza. Kama muuguzi anasubiri ripoti ishuke na upande wake uko kimya, VPS itaendelea kutuma kwenye anwani iliyokufa. PersistentKeepalive (pakiti ndogo inayotumwa kila baada ya sekunde kadhaa) ya 25 ambayo kila mwongozo unainakili maana yake unaweza kusubiri hadi sekunde 25. Kwa gari mimi huweka 5. Pakiti moja ni baiti 60 pamoja na vichwa vya IPv4, hivyo ni kama MB 1 kwa siku kwa upande mmoja, bando halitaumia.

Wa tatu ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao njia inaweza kupitisha. Dalili yake haikosei: ukurasa wa kuingia unafunguka, jina na neno la siri linakubaliwa, orodha ya wagonjwa inaganda. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinamezwa. WireGuard hula baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana chaguo-msingi ni 1420, lakini hiyo inadhani njia ya nje ni 1500 kamili, na LTE mara nyingi siyo. Pima kwenye kila njia peke yake kwa kompyuta ya Linux: `ping -M do -s 1472` kwenda kwenye anwani ya VPS, shusha kumi kumi hadi ijibu, ongeza 28 upate MTU halisi. Chukua ile ndogo ya njia mbili, toa 80, weka namba hiyo pande zote mbili za handaki. Ukiwa huna muda weka 1280 uendelee na kazi. Washa pia `mtu_fix` kwenye zoni ya fayawoli.

Turudi kwenye muda wa kuhama, ambao sasa una maana, na kikomo chake kinawekwa na Windows yako. Linux hurudia kutuma kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Windows kwa kawaida hurudia mara 5 tu, na kwa kuwa kila safari inasubiri mara mbili ya iliyopita, yote yanaweza kuisha chini ya sekunde 20. Kuna jambo la ziada watu hulisahau: njia ikikatika kwa sekunde 8, jaribio linalofuata linaweza kuja sekunde nyingine 8 baadaye, hivyo mtumiaji anaona kioo kimeganda karibu mara mbili ya muda halisi. Basi kugundua na kuhama kuishe ndani ya sekunde 8. Kwenye mwan3 ni `interval 2`, `timeout 1`, `down 2`: pima kila sekunde 2, subiri jibu sekunde 1, ikikosa mara 2 mfululizo uhame.

Usishuke chini ya hapo. Mti mmoja barabarani unaziba anga kwa sekunde mbili au tatu, na ukihama kwa kila mti utakuwa unacheza bembea siku nzima. Kurudi Starlink kuwe kwa uvivu: `up 20`, yaani kama sekunde 40 za majibu mfululizo. Anwani za kupimia ziwe mbili za nje na `reliability 1`, yaani moja ikijibu inatosha. Usipime 100.64.0.1 peke yake, maana lango linaweza kujibu huku intaneti nyuma yake imekufa.

SIP ikipita ndani ya handaki itabaki hai, ila utasikia ukimya wa hizo sekunde saba au nane. Ukitaka pungufu ya sekunde moja, weka mahandaki mawili, moja kwa kila njia, yote hai muda wote, na juu yake BGP au OSPF (itifaki za kuchagua njia) pamoja na BFD (kipima uhai wa njia) ya milisekunde 300 mara 3. Ni kazi, na LTE itakula data hata ikiwa imekaa akiba. Kwa zahanati naona si lazima.

Aliyependekeza OpenVPN ya TCP poti 443: hapana. TCP ndani ya TCP, zote mbili zinarudia kutuma kwa wakati mmoja, na kwenye njia inayoweza kupoteza pakiti kila sekunde 15 utajuta. Aliyesema uwashe BBR (mbinu ya TCP ya kupanga kasi ya kutuma) kwenye VPS pia amekosea kidogo. VPS hapa inapitisha tu pakiti, haimalizi TCP, kwa hiyo BBR yake haiwagusi. Ingefaa kwenye mashine inayotuma data yenyewe.

Na kama mna VSAT ya zamani (dishi la setilaiti ya mbali isiyohama angani) mnataka kuifanya njia ya tatu, ijueni tabia yake. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu, safari nne za kupanda na kushuka ni milisekunde 477 hata kabla ya kifaa chochote kufikiri, kwa hiyo mtaona 600 hivi. Modemu za VSAT huficha hilo kwa kujibu TCP kwa niaba ya upande wa mbali. Mkiifunga TCP ndani ya WireGuard, modemu haiioni tena na ujanja huo unakufa. Kila muunganisho utaanza polepole, na programu ya zamani yenye dirisha la baiti 65,535 haitazidi takriban Mbit 0.9 kwa sekunde hata mkilipia 20. Kwa njia hiyo pitisha barua pepe na nakala za usiku, basi.

Kujaribu: usichomoe kebo. Kuchomoa kunashusha kiolesura, ruta inajua mara moja, kila kitu kinaonekana kizuri, halafu porini inashindwa. Zuia njia ya Starlink kwa kanuni ya DROP (kutupa pakiti kimya kimya) kwenye fayawoli. Dirisha moja liwe na `ping -D -i 0.2` kwenda kwenye seva ya ofisi, jingine kwenye VPS `watch -n1 wg show wg0 endpoints`. Anwani ikibadilika kwenye dirisha la pili lakini ping hairudi, angalia njia na fayawoli. Isipobadilika kabisa, ni mtego wa kwanza au wa pili.

Kabla ya yote hayo pima umeme. Gari likipigwa stata volti zinashuka, ruta inazima na kuwaka upya, na kwenye daftari inafanana kabisa na kuhama kulikoshindwa. `uptime` itakuambia. Ikiwa ni hilo, weka betri ya pili au kidhibiti cha volti, na uhakikishe kifurushi chako cha Starlink kinaruhusu matumizi gari likiwa linatembea.

Ukikwama, bandika hapa `wg show`, `ip route`, `mwan3 status` na MTU uliyopima kwa kila njia. Ficha funguo na anwani ya VPS.