Sindano za sikioni zimenituliza kiuno. Je, niache hospitali?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, miaka 46. Kiuno kinaniuma miezi mitatu sasa, maumivu yanateremka mguu wa kushoto na kidole gumba kinakufa ganzi. Kuna mtaalamu kanichoma sindano tano sikioni, dakika kumi tu nikainama bila shida. Kaniachia visindano vidogo, kila wiki anabadilisha. Anasema hospitali nisiende tena. Nitapona?

Jibu: Marahaba mama. Kwamba uliinama, nakuamini. Sindano hizo hata mimi nazitumia. Mpango huo wa nukta tano uliasisiwa mwaka 2001 na Richard Niemtzow, daktari wa jeshi la anga la Marekani, kwa ajili ya kutuliza maumivu haraka. Kutuliza, basi. Wengine hupata nafuu ya saa chache, wengine siku kadhaa, wengine hawapati kitu.

Kinachoniumiza ni hayo ya "usiende tena". Karibu kila wiki napokea mgonjwa aliyeambiwa hivyo, akaja mguu umeshakonda. Maumivu yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi ya kidole gumba yananifanya nishuku mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni, mara nyingi na diski iliyochomoza, yaani kile kipande laini kilichopo kati ya pingili za mgongo. Sikio halisogezi diski. Vua viatu sasa hivi, tembea kwa visigino hatua kumi. Wayo wa kushoto ukikataa kuinuka, mshipa unaanza kushindwa kazi. Nenda hospitali kesho asubuhi. Ganzi ikifika sehemu za siri au unapokalia, mkojo ukaziba au ukatoka bila habari yako, nenda usiku huo huo, hata kama kiuno hakiumi kabisa.

Na hivyo visindano hukaa siku tatu au nne, kisha hudondoka vyenyewe. Kubandika vipya kila wiki mahali palepale penye vidonda ni kuukaribisha usaha. Gegedu ya sikio, ile sehemu ngumu inayopinda kama mpira, haina mishipa yake ya damu, inalishwa na utando unaoifunika. Usaha ukiingia katikati yake, gegedu inakufa na sikio linajikunja milele. Jiangalie kwenye kioo: sikio likiwa jekundu, la moto, linauma kuguswa, ilhali ndewe iko salama (kule hakuna gegedu), hiyo ni dalili mbaya na inataka antibayotiki upesi. Matone ya dukani hayatoshi.

Wenye kisukari, wenye ugonjwa wa vali za moyo na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiachiwe visindano sikioni bila daktari wao kujua. Wengi wa hawa wachomaji hawaulizi hata hilo. Nimeona wanamchoma mtu mwenye maumivu ya kifua, anatulia, anarudishwa nyumbani. Anayekutuliza bila kukuuliza ugonjwa umeanzaje, wala kukupima nguvu za mguu, usimpe sikio lako.

Visindano vilivyobaki vikatolewe zahanati, na muuguzi apasafishe.