Mnyoo wa Guinea: ongeza safu ya wanyama

Ndugu, umeuliza kwa nini ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, unaoingia mwilini kwa maji ya kunywa yenye mabuu yake na uliopata watu 15 tu duniani mwaka 2024, haujatangazwa kutokomezwa. Jedwali lako lina safu ya watu peke yake, na hapo ndipo linapokudanganya. Mwaka huohuo wanyama walioambukizwa walizidi 600, wengi wao mbwa, hasa Chad na Cameroon.

Panga takwimu kwa mwezi na kijiji. Mnyoo hutokeza ngozini miezi 10 hadi 14 baada ya maji kunywewa, kwa hiyo mgonjwa wa Juni anakurudisha kwenye bwawa la Juni iliyopita. Andika pia kama alizuiwa kuingia majini (mbwa: kama alifungwa kamba). Asiyezuiwa ndiye wa kukuhangaisha mwakani, kwa kuwa mnyoo humwaga mabuu majini na wanaoyanywa huambukizwa.

Kijiji kisicholeta ripoti kiachie nafasi wazi, usijaze 0, maana 0 ni kusema hakuna mgonjwa. Kosa hili ni la kawaida mno.

Cheti cha Shirika la Afya Duniani cha kwamba nchi imetokomeza ugonjwa huu hudai angalau miaka 3 mfululizo bila maambukizi, ufuatiliaji ukiendelea. Kenya ilikipata 2018.

Ukikuta uzi mweupe (ndio mnyoo wenyewe) ukitoka kwenye lengelenge la mtu, usiuvute kwa nguvu. Ukikatikia ndani, kidonda huvimba na kutunga usaha. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya, na sehemu yenye kidonda isiguse bwawa.