Uliza Fundi: Kwadi yangu inalia "ta-ta-ta" nikikata kona

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nazungusha watalii na kwadi (pikipiki ya matairi manne) huku Paje, tunapita vijijini af tunamalizia pwani maji yakitoka. Kuna moja hapa ya fobaifo (injini inavuta matairi yote manne), ni sisii 500, huu ni mwezi wa pili inalia mbele. Nikienda moja kwa moja haisemi kitu, nikikata kushoto ndo ta-ta-ta-ta kama mtu anavunja karanga, nikikata kulia inatulia kidogo. Nikitoa fobaifo inanyamaza kabisa. Af kuna mvumo mwingine, huo upo nikishashika spidi, fobaifo iwepo isiwepo. Fundi wetu kasema difu ya mbele (kasha la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili) imekufa tuagize nyingine, na bosi ananiangalia kama mi ndo nimeila. Nifanyeje?
Dereva wa kwadi, Paje

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza msiagize kitu. Majibu karibu yote umeshayaandika mwenyewe humo humo kwenye swali. Hapo una milio miwili, sio mmoja, na fundi wenu kaichanganya yote akaiita difu.

Tuanze na ya karanga. Difu ikivunjika jino mara nyingi haingoji kona, itagonga hata kwenye njia iliyonyooka mradi fobaifo imeingia na tairi za mbele zinavuta. Yako inangoja usukani ukunjwe. Sasa pale mbele kinachokunjwa pamoja na usukani, huku kinazunguka na kubeba nguvu, ni sivi jointi ya nje, yaani kiungo cha shafti inayozungusha tairi, ile iliyojibanza karibu na tairi, na ukikata kushoto inayoelemewa ni ya kulia, kwa hiyo mi namshuku huyo wa kulia kabla ya mwingine yeyote. Ukitoa fobaifo shafti bado inazunguka, ila inaburuzwa tu na tairi, haina mzigo, ndo maana inanyamaza.

Uthibitishe. Kata usukani mpaka mwisho, lala chini na tochi, shika ile buti ya mpira inayofunika jointi uikunjue pindo kwa pindo kwa vidole, usiitazame tu kwa mbali, maana mpasuko unajificha ndani ya mkunjo na ukisimama huuoni. Angalia na upande wa ndani wa rimu na mikono ya sasipensheni, kama kuna michirizi ya grisi imerushwa basi buti imeshapasuka siku nyingi. Chukua hiyo grisi kidogo uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chenga chenga hiyo ni mchanga wa Paje umeingia kwenye gololi, umegeuka msasa. Ikifika hapo usidanganywe kupakwa grisi mpya, itanyamaza siku mbili tatu itarudi palepale, we badilisha jointi au shafti nzima kulingana na inavyouzwa. Buti ikipasuka na mlio hujaanza, hapo sawa, fungua, osha, weka grisi ya molibdenamu na buti mpya, inaendelea na kazi.

Mvumo sasa. Tafuta mteremko usio na watu, weka nyutro, zima injini, iache iteremke (breki mkononi bana). Mvumo ukiendelea basi sio injini wala belti, ni kitu kinachozunguka na tairi. Na ufanye kwenye mchanga mgumu au udongo, usifanye lamini, maana tairi za kwadi zenye meno makubwa zikipanda lami zinavuma zenyewe, nishaona mtu anabadilisha beringi nne kwa sababu ya tairi. Ukirudi gereji ipige jeki mbele, iweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza angalia kinachocheza ni beringi au boli jointi. Af zungusha tairi kwa mkono mmoja na mwingine uweke juu ya springi ya shokapu. Beringi iliyokufa utaihisi kwenye springi kama inasaga changarawe, hata kama sikio halisikii. Ukitaka zaidi chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye haba (kitovu cha gurudumu), mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Yote haya tairi ikizungushwa kwa mkono na injini imezimwa, sitaki kusikia mtu kavaa kikoi kinaning'inia kainamia shafti inayozunguka kwa moto.

Na difu msiiache hivihivi, sio kwa sababu ya fundi wenu ila kwa sababu mnaingia baharini. Fungua nati ya chini umwage oili kwenye kopo jeupe. Ni kidogo sana, nyingi hazifikishi hata nusu lita, kwa hiyo hakuna kisingizio cha gharama. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Uji uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida, kipande unachoweza kukishika kwa kucha sio kawaida. Maji yanaingiaje? Difu ina kampira kembamba ka kupumulia kanakopanda juu, kakiziba (mi nimeshatoa udongo wa nyigu humo) basi difu ikiwa ya moto ukiitumbukiza kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa, inakosa pa kuvuta inavuta maji kupitia kwenye sili (mpira unaozuia oili isivuje). Zibua hako kampira kwanza, la sivyo utamwaga oili kila wiki. Wakati wa kurudishia, soma kitabu cha mashine yenyewe, usimimine 80W-90 (oili ya gia ya kawaida) kwa mazoea. Polaris kwa mfano, difu yake ya mbele ina oili yake maalum, ukiweka ya kawaida fobaifo inaweza isishike vizuri.

Mimi mwenyewe nilishawahi kufungua difu nzima mchana kutwa, naipanga kwenye gunia, kumbe kilichokuwa kinakwaruza ni kipande cha tumbawe kimekwama kati ya kalipa ya breki na rimu. Mtoto aliyekuwa anauza maandazi ndo alikiona.

SWALI: Fundi, yangu inapiga "kong'" nikitoka rivasi kwenda mbele. Ni ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi), sio cheni. Nikiendesha iko poa. Niogope?
Mkulima, Njombe

JIBU: Kakong' kadogo ni kawaida. Kama ni kubwa, kwanza angalia sailensa, yaani injini ikiwa imetulia inazunguka kasi kiasi gani. Mashine ya belti ikitulia na kasi kubwa klachi inaanza kuvuta kabla hujaingiza gia, sasa ukiingiza lazima igonge. Shusha sailensa kwanza, ni bure. Ikiendelea zima injini, ingia chini, shika propela uizungushe kushoto kulia huku unatazama krosi (kiungo cha msalaba cha propela). Ukiona vumbi jekundu la kutu limetoka kwenye vikombe vyake, sindano za ndani zimekauka, hiyo badilisha kabla haijakatikia porini.

SWALI: Kwadi yangu ya cheni nimeweka cheni mpya wiki iliyopita, kelele imezidi kuliko ya zamani. Nimeibiwa?
Kijana wa Diani

JIBU: Labda cheni nzuri, sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) ndo za zamani. Angalia meno, yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa hiyo cheni mpya utaiua mapema. Ivute cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa, kama inanyanyuka mpaka unaona nusu ya jino basi haikai. Af kabla ya kukaza isukume kwadi polepole, cheni ina sehemu inakaza na sehemu inalegea, pima pale inapokaza zaidi, na kama kitabu kinasema mtu awe amekaa juu basi mtafute mwenzio akae. Vijana wengi huku pwani wanaikaza kama waya wa gitaa wakidhani ndo dawa ya kelele, af mwezi ujao wanakuja na beringi ya ekseli mkononi.